Msituandikie asilimia bila idadi ya waliohojiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu habari za tafiti za uchumi mnazochapisha. Ni ombi, tena dogo: kila mnapoandika asilimia iliyotoka kwenye utafiti, andikeni na idadi ya watu waliohojiwa. Iandikeni palepale ilipo asilimia, katika aya za mwanzo, msiitupe mwishoni wala kuiacha kabisa kama inavyotokea mara nyingi katika magazeti, redio na televisheni zetu.

Mimi ni mdadisi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kubeba dodoso mlango hadi mlango katika jiji hili, zamani la karatasi, siku hizi la kishkwambi. Nimehoji kwa niaba ya serikali, vyuo na kampuni binafsi. Nimeuliza watu wanakula nini, wanalipa kodi ya chumba kiasi gani, genge linaingiza nini kwa siku, wamekopa kwa nani. Kwa hiyo nikisoma kwamba asilimia kadhaa ya wakazi wa Dar es Salaam wanasema hali ya biashara ni ngumu, au ni nzuri, akili yangu inakwenda moja kwa moja kwa wale waliojibu. Walikuwa wangapi? Walikutwa wapi, saa ngapi? Na wangapi waligongewa hodi wasifungue?

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, na kati yetu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam walikuwa 5,383,728, yaani karibu asilimia 8.7. Sasa chukua utafiti wa nchi nzima uliohoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa haki, kila mkoa kwa kadiri ya watu wake. Kwa nchi nzima una la kusema: ukingo wake wa makosa ni kama pointi 3 juu au chini. Maana yake, ungerudiwa mara 20 kwa watu wengine, takriban mara 19 jibu lingekuwa ndani ya pointi hizo 3 kutoka kwenye ukweli. Lakini katika hao 1,000, watu wa Dar es Salaam ni 87 tu. Kwa watu 87 ukingo unapanda hadi pointi 10 na ushei. Mwandishi akiandika kwamba nusu ya wakazi wa Dar wanasema maisha yamekuwa magumu kuliko mwaka jana, ukweli unaweza kuwa asilimia 40 na unaweza kuwa asilimia 60. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na kila moja ingestahili kichwa chake cha habari.

Endelea kuugawa. Wanawake katika hao 87 ni kama 44, na hapo ukingo ni pointi 15. Wanawake wanaofanya biashara ndogo katika hao 44? Umebaki na watu wachache kiasi kwamba mdadisi aliyewahoji anaweza kuwataja mmoja mmoja kwa majina. Na bado nimesoma habari zinazosema "wanawake wafanyabiashara wa Dar es Salaam" kutokana na tafiti za nchi nzima, bila neno hata moja juu ya idadi yao.

Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, huhoji watu wazima wapatao 2,400 hapa nchini, na huandika waziwazi kwamba ukingo wao ni pointi 2. Hata kwao, sehemu ya Dar es Salaam ni kama watu 200, ukingo wake kama pointi 7. Ukitaka kuupunguza ukingo kwa nusu, lazima idadi ya wahojiwa iongezeke mara nne, siyo mara mbili: watu 100 wanakupa pointi 10, watu 400 wanakupa 5, watu 1,600 wanakupa 2 na nusu. Hapo ndipo gharama inapowashinda wengi. Nauli, posho, vocha, chakula cha wadadisi, siku za kurudi nyumba ileile, vyote vinapanda mara nne kwa faida ya nusu. Anayetoa fedha huuliza kama 400 hawatoshi. Pengine wanatosha kwa anachokitafuta. Ila msomaji naye ana haki ya kujua kwamba alichouziwa ni cha watu 400.

Wapo wanaoshangaa kwa upande mwingine: nchi ya watu zaidi ya milioni 61 itasemewaje na watu 2,400? Nawaomba waende soko la nafaka la Tandale wamtazame mnunuzi wa mchele. Hafungui gunia zima. Anachoma bambo, kile chuma chenye uwazi cha kutolea punje, zinamwagika kiganjani, anazigeuza, anatafuna mbili tatu, anajua kama mchele ni wa zamani au mpya, kama una chenga nyingi. Mnunuzi mzoefu hachomi gunia la juu peke yake. Anachoma la katikati na la chini kabisa, kwa sababu anajua muuzaji ameliweka lipi juu. Ukubwa wa lori haumsumbui sana. Anachokiangalia ni amechoma magunia mangapi, na ya upande gani.

Hilo la "upande gani" ndilo linalonifanya nisiridhike na idadi peke yake, japo naanza nayo. Vipindi vya redio na televisheni vinapowaambia watu wapige kura kwa ujumbe wa simu kama uchumi unakwenda vizuri, vinaweza kupata maelfu ya majibu kabla ya taarifa ya habari kwisha. Maelfu hayo ni ya watu waliokuwa wanasikiliza saa ile, wenye salio na wenye hamaki ya kujibu. Idadi kubwa haiwaokoi. Shirika la Twaweza walipoanza Sauti za Wananchi, utafiti wao wa kuhoji watu kwa simu, mwaka 2013, walichagua kwanza kaya zao nchini, wakazigawia simu na chaja za sola, ili mtu asikosekane kwa sababu tu hana simu au umeme. Kazi ya namna hiyo inafaa kuitwa utafiti, kwa sababu aliyechaguliwa ndiye anayetafutwa mpaka apatikane.

Na kumtafuta mtu ndiyo kazi yenyewe. Niruhusu nieleze jinsi inavyokwenda, kwa kuwa wasomaji wengi wanaiona asilimia ikiwa imeshapigwa pasi.

Unafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua yako. Anakupa mjumbe wa kukuongoza. Mnaorodhesha kaya zote za eneo lililochaguliwa, kisha zinachaguliwa chache kwa kuruka, tuseme kila ya kumi, bila wewe kuchagua sura ya mtu. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mbagala nyumba moja ina vyumba sita, na kila chumba ni kaya yake, na jiko lake mlangoni. Unakaribishwa kabla hujapiga hodi: "Karibu dada, kaa hapa kivulini." Unapewa kigoda na maji ya kunywa. Maswali ni marefu, mtoto analia, chungu kinachemka, lakini wanajibu. Ukienda Masaki, Oysterbay au Mbezi Beach unazungumza na geti. Askari anafungua kidirisha, anatazama kitambulisho, anasema bosi amesafiri. Kesho yake bosi yuko mkutanoni. Siku nyingine geti linakaa kimya na mbwa ndio wanaojibu.

Matokeo yake ni nini? Kaya zenye fedha zinapungua kwenye sampuli, yaani kundi la waliohojiwa, na matumizi yao makubwa yanapungua kwenye hesabu za nchi. Pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho linaonekana dogo kuliko lilivyo. Hayo hayatokani na mtu kudanganya. Yanatokana na milango iliyofungwa, na kama ripoti haisemi ni mingapi, hakuna wa kuligundua.

Kuna ubaya mwingine ambao umenikera kwa muda mrefu. Kampuni moja iliyonipa kazi ya muda ilitulipa kwa dodoso lililokamilika. Nyumba iliyochaguliwa ikikutwa imefungwa, msimamizi alisema, "Ingia ya jirani, tusichelewe." Tukaingia za jirani. Idadi ilitimia hadi dodoso la mwisho, na ripoti ikaitaja kwa fahari. Haikutaja kaya ngapi zilibadilishwa. Sasa jiulize, nani yuko nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi? Ni mama anayelea, mzee aliyestaafu, kijana asiye na kibarua. Fundi yuko saiti, machinga yuko Kariakoo, muuza samaki ameshatoka soko la Feri zamani na yuko mitaani anatembeza. Ukiwauliza waliobaki juu ya ajira utapata ukosefu wa ajira mkubwa kuliko uliopo, na utaupata kwa idadi iliyotimia.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa kaya moja ya Tandika. Baba ni dereva wa daladala, anaondoka alfajiri watu wamelala na kurudi usiku watu wamelala. Mkewe alinipa makisio ya kipato chake, kisha akasema, "Ila dada, mwenyewe utampata Jumapili gari likiwa gereji." Nilirudi Jumapili. Nilimkuta uani na redio yake, nikamwamkia, akaitikia na kunisogezea kiti. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Kila ukurasa ni siku: hesabu ya tajiri mwenye gari, mafuta, kondakta, pancha, kilichobaki. Siku nyingine kilichobaki kilikuwa sifuri na chini yake ameandika deni. Kipato halisi kilikuwa mbali sana na makisio ya mkewe, na mke hakuwa na kosa, kwa sababu yeye anaona pesa ya matumizi inayoachwa mezani tu. Kama ningeingia kwa jirani, daftari lile lisingesomwa na mtu. Na madereva wote wa mji huu wako hivyo: hawapatikani saa za wadadisi.

Kariakoo nako ni kwa aina yake. Ukimuuliza mwenye duka mauzo ya siku, kabla hajajibu atakuuliza kama umetumwa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Mwezi Juni 2024 maduka ya pale yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, kama ilivyotokea pia Mei 2023. Katika hali ya namna hiyo, hata mfanyabiashara mwema anapunguza tarakimu zake au anakataa kabisa. Utafiti wa biashara unaosema "tulihoji wafanyabiashara 300" bila kusema 200 wengine walikataa, tuseme, umeacha nusu ya habari nje. Sheria ya Takwimu inalinda siri ya mtu anayetoa taarifa zake, na sisi wadadisi huwa tunalieleza hilo mlangoni, lakini maneno ya mdadisi hayana nguvu kama ya gazeti. Mngetusaidia sana mkilisema mara kwa mara.

Nisije nikaonekana nawasema watu wa kampuni tu. Hata tafiti za taifa letu zinasomeka vizuri pale tu unapojua idadi. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2000/01 ulifikia kaya zaidi ya 22,000 Tanzania Bara, kwa sababu ulikusudiwa kusema juu ya kila mkoa. Ule wa 2007 ulifikia kaya zaidi ya 10,000, ukaishia kusema juu ya Dar es Salaam, miji mingine na vijijini. Mtu wa Lindi aliyetaka takwimu ya Lindi hakuipata, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya vema kutompa tarakimu ambayo isingesimama. Kisha umaskini wa mahitaji ya msingi ulitangazwa kuwa asilimia 28.2 katika utafiti wa 2011/12 na asilimia 26.4 katika ule wa 2017/18. Ni tofauti ya pointi 1.8. Utafiti wa 2017/18 ulifikia kaya zaidi ya 9,400. Kama ungekuwa wa kaya 1,000, pointi hizo 1.8 zingezama ndani ya ukingo wa makosa na tusingeweza kusema chochote. Hata kwa kaya 9,400 inabidi kwenda taratibu, kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa mafungu, kadhaa katika eneo moja, na majirani wanafanana. Kaya kumi na mbili za mtaa mmoja wa Yombo zinazonunua unga duka moja hazina habari mpya kama kaya kumi na mbili za wilaya kumi na mbili.

Kaya hizo ndizo zinazoamua pia mfumuko wa bei tunaotangaziwa kila mwezi. Uzito wa kila bidhaa katika kapu, yaani orodha ya bidhaa zinazopimwa bei, lile lililoanza na bei za mwaka 2020, umetokana na utafiti huohuo wa 2017/18: watu waliandika walichonunua, na kutokana na maandishi yao ikajulikana chakula kipewe uzito gani, nauli gani, kodi ya nyumba gani. Kaya ikikataa kujibu, inapunguza sauti ya watu wa aina yake katika kapu hilo kwa miaka mingi.

Msidhani ni shida yetu wenyewe. Mwezi Oktoba 2023 Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ilisitisha kutoa takwimu zake za kawaida za ukosefu wa ajira, kwa sababu walioitikia utafiti wa nguvukazi walikuwa wamepungua mno; katika robo ya tatu ya mwaka ule kiwango cha walioitikia kilishuka hadi asilimia 17.3. Benki Kuu yao huzitazama takwimu hizo inapopanga riba. Kule Marekani, Agosti 1, 2025, Ofisi ya Takwimu za Kazi ilishusha hesabu ya ajira mpya za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000. Mei iliyokuwa imetangazwa 144,000 ikawa 19,000. Sehemu ya sababu ni kwamba tarakimu ya kwanza hutoka kabla waajiri wote hawajajibu, na majibu ya waliochelewa yakiingia hesabu inabadilika. Siku hiyohiyo Rais Donald Trump alimfukuza kazi kamishna wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer. Kwangu mimi huo ulikuwa uonevu. Ofisi ile haikuwahi kuficha kwamba tarakimu za kwanza hurekebishwa. Aliyesema wazi kwamba wahojiwa hawajatimia ndiye aliyeadhibiwa, na wadadisi wa nchi zote wanaona somo wanalofundishwa.

Nije sasa kwenu wahariri. Nafahamu mnaletewa taarifa kwa vyombo vya habari saa kumi jioni, gazeti linafungwa, na taarifa yenyewe ina kichwa kitamu. Nafahamu pia kwamba nafasi ni finyu. Lakini maneno haya hayajazi hata mistari miwili: "Utafiti uliwahoji watu wazima 1,000 nchini, 87 kati yao Dar es Salaam, ana kwa ana, mwezi Machi, watu 240 waliochaguliwa walikataa au hawakupatikana." Nimetunga tarakimu hizo kuwa mfano tu. Kama taarifa mliyoletewa haina maelezo hayo, pigeni simu kuuliza. Mkijibiwa kwamba hiyo ni siri ya kampuni, basi asilimia yao nayo ibaki kuwa siri ya kampuni. Msiichapishe. Na pale asilimia inapohusu kundi dogo ndani ya utafiti, wanawake wa mji fulani au vijana wa kazi fulani, idadi inayotakiwa ni ya kundi hilo, wala si ile kubwa ya utafiti mzima inayowekwa kutupamba macho.

Nina neno pia kwa wasomaji wenzangu, hasa wenye mageti. Mdadisi akija na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, mpeni nafasi hata usiku mkiwa mmetulia. Kama hamna muda siku hiyo, mpeni siku nyingine, atarudi. Kumwambia askari ajibu kwamba hampo kunamfanya mtu mwingine ajibu mahali penu, na huyo hali chakula mnachokula wala halipi ada mnazolipa.

Na kwa kampuni zinazolipa kwa dodoso: lipeni kwa siku, au lipeni pia safari za kurudia nyumba iliyokutwa imefungwa. Vishkwambi vimesaidia kupunguza wanaopika data chini ya mwembe, maana vinaandika mahali na muda, lakini kishkwambi hakimrudishi mtu Tandika Jumapili kwa nauli yake mwenyewe.

Ndugu Mhariri, iwapo chumba chenu cha habari kitapenda, niko tayari kuja Jumamosi yoyote kukaa na waandishi wenu wa uchumi tuzipitie ripoti za tafiti pamoja, tuone idadi inakaa ukurasa gani, ukingo unakokotolewaje na waliokataa wanafichwa wapi. Sihitaji malipo. Nije tu na kikokotoo changu, na wao waje na ripoti walizowahi kuziandikia habari.

Wenu,
Mdadisi wa siku nyingi,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.